Nilikunywa, Jiwe Likatoka: Kwa Nini Dawa za Asili za Mawe ya Figo Zinastahili Kupimwa

(Hotuba iliyotolewa Tanga mbele ya waganga wa tiba asili, wauguzi, wanafunzi wa famasia na wagonjwa wa figo. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

Wazee wangu waganga na matabibu ambao mmeacha shughuli zenu mkaja kunisikiliza, wauguzi, wanafunzi wa famasia, na ninyi ndugu zetu mliokwisha kuyaonja maumivu ya jiwe la figo: shikamooni mnaostahili shikamoo, na wengine wote nawasalimu kwa heshima.

Nimeombwa nizungumzie dawa za asili zinazotumika kuzuia na kutibu mawe ya figo, na hasa namna ya kuzipima. Naomba niseme mapema ninachokiamini, ili asiwepo wa kukaa akijiuliza niko upande gani. Naamini kwamba kila dawa inayoingia mwilini mwa binadamu inastahili kupimwa, iwe imetoka kiwandani au imechimbwa porini. Na naamini kwamba kuipima dawa ya mzee si kumdharau mzee. Anayeidharau dawa haipotezei muda wake, huipita tu. Anayeiheshimu ndiye anayetaka kujua inafanya nini, kwa nani, kwa kiasi gani, na inamdhuru nani.

Mkoa huu si mgeni katika jambo hili. Katika miaka ya 1990, wakati hospitali zetu hazikuwa na dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, waganga wa Pangani na wahudumu wa Hospitali ya Bombo walikaa meza moja kuwahudumia wagonjwa kwa dawa za mitishamba. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba mganga na daktari wa Tanga hawawezi kuzungumza. Walikwisha kuzungumza.

Nianze na jiwe lenyewe, kwa ufupi. Mkojo hubeba chumvi nyingi zilizoyeyuka. Maji yakipungua mwilini, chumvi hizo hujitenga, kama inavyotokea kwenye mashamba ya chumvi pale jua linapoyakausha maji ya bahari: huanza chembe zisizoonekana, zikashikana, zikawa changarawe, zikawa jiwe. Takriban mawe manane katika kila kumi ni ya kalsiamu, na mengi kati ya hayo ni kalsiamu iliyoungana na oksalati, kitu ambacho hupatikana kwa wingi katika mboga kama mchicha. Mengine ni ya asidi ya yuriki, mengine huletwa na maambukizi ya bakteria, na machache hutokana na kasoro za kurithi. Nayataja haya kwa sababu mganga anaposema ana dawa ya mawe, jambo la kwanza la kumuuliza ni mawe yapi. Jiwe la asidi ya yuriki linaweza kuyeyushwa kwa kuupunguzia mkojo ukali wa asidi. Jiwe la kalsiamu oksalati haliyeyuki kwa njia hiyo. Dawa iliyomsaidia wa kwanza inaweza isimsaidie wa pili hata kidogo, na wote wawili watakuja wakiwa wameshika kiuno upande mmoja.

Sasa niwaulize. Nani kati yetu hajamsikia mtu akisema, “Nilikunywa ile mizizi siku tatu, ya nne jiwe likatoka”? Nimeisikia kauli hiyo dukani kwangu mara nyingi, kutoka kwa watu wazima wasio na sababu ya kudanganya. Nawaamini. Walikunywa, na jiwe lilitoka. Swali langu haliko hapo. Swali langu ni hili: ikilinganishwa na nini? Mtu yule yule, mwenye jiwe lile lile, asingekunywa ile mizizi, jiwe lisingetoka?

Madaktari wa Uingereza walilazimika kujiuliza swali hilo kuhusu dawa zao wenyewe. Kwa miaka mingi wagonjwa wa mawe walikuwa wakipewa tamsulosini, kidonge kilichotengenezwa kwa ajili ya wanaume wenye tezi dume iliyovimba, au nifedipini, dawa ya shinikizo la damu, kwa hoja kwamba zote mbili hulegeza misuli ya mrija unaotoka kwenye figo hadi kwenye kibofu, ili jiwe lipite. Hoja ilikuwa nzuri. Tafiti ndogo ndogo zilizisifu dawa hizo, na miongozo ya tiba ikazipendekeza. Kisha watafiti wakiongozwa na Robert Pickard wakawakusanya wagonjwa zaidi ya 1,100 katika hospitali 24, wakawagawa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: wa tamsulosini, wa nifedipini, na wa kidonge kisicho na dawa yoyote ndani yake. Mgonjwa hakujua amepewa nini, na daktari aliyemhudumia naye hakujua. Baada ya wiki nne wakahesabu ni wangapi ambao hawakuhitaji matibabu mengine ya kulitoa jiwe. Waliomeza tamsulosini walikuwa asilimia 81. Waliomeza nifedipini, asilimia 80. Na waliomeza kidonge kitupu? Asilimia 80. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015, na ingawa mjadala juu ya mawe makubwa kidogo, ya zaidi ya milimita 5, umeendelea, wengi waliokuwa wakiziandika dawa hizo bila kufikiri walisimama.

Ndugu zangu, itazameni vizuri hiyo themanini ya mwisho. Mganga akiwapa watu mia moja wa aina ile maji ya kisima aliyoyatia rangi, themanini watarudi kwake na kuku wa shukrani. Ishirini waliobaki hawatarudi; watakwenda hospitali au kwa mganga mwingine, na yeye hatawaona tena. Hatakuwa amemdanganya mtu. Atakuwa amewaona kwa macho yake mwenyewe watu themanini waliopona, ataapa kwamba amewaona, na kiapo chake kitakuwa cha kweli. Je, dawa yake itakuwa imefanya kazi? Ndiyo maana nasema ushahidi wa macho pekee hautoshi, hata yakiwa macho ya mtu mwadilifu, hata yakiwa macho ya daktari bingwa. Na kipimo hiki hakichagui. Mwaka 2023 watafiti wa Uswisi walichapisha matokeo ya dawa ya haidroklorothayazidi, ambayo imekuwa ikitolewa kwa miongo mingi kuzuia mawe ya kalsiamu yasirudi. Waliifuatilia kwa wagonjwa 416, na hawakuona tofauti kubwa kati yake na kidonge kitupu. Kama dawa ya hospitali inaweza kusimamishwa mbele ya watu na kuulizwa maswali, kwa nini ya kwetu isiulizwe?

Kuna jambo jingine linalofanana na hilo, nalo ni la hatari zaidi. Maumivu kuisha si jiwe kuisha. Dukani kwangu alifika muuza samaki mmoja, mtu mwenye nguvu zake, akanieleza kwamba alishikwa na maumivu ya ubavu wa kushoto hadi akawa anatapika, akapewa dawa ya kuchemsha na jirani, na baada ya siku chache maumivu yakaisha kabisa. Alifurahi, akaisifu dawa ile kijiweni kwao. Miezi mingi baadaye alikwenda kupimwa kwa sababu nyingine, na picha ya ultrasaundi ikaonyesha figo ya kushoto imejaa maji na imekonda pembezoni, kwa sababu jiwe lilikuwa limekaa njiani muda wote ule likiuziba mrija. Mrija ulioziba unaweza kuuma vikali siku za mwanzo, kisha ukanyamaza huku figo ikiendelea kuharibika. Huyu ndugu alikuwa shahidi mzuri wa dawa yake, shahidi mkweli, na figo yake ilikuwa inakufa. Simlaumu yeye, wala jirani yake. Nalaumu desturi yetu ya kuhesabu uponyaji kwa maneno ya mgonjwa bila kupiga picha.

Na hata kinapotoka kitu, tukiangalie ni nini. Mwaka 2005 wataalamu wawili wa New Zealand, Sies na Brooker, waliandika katika jarida la Lancet habari ya mwanamke aliyekunywa mafuta ya zeituni na maji ya limau ili atoe mawe ya kwenye kibofu cha nyongo. Alitoa vijiwe vingi laini vya kijani, akavihifadhi kwenye jokofu, akavipeleka hospitali. Maabara haikukuta ndani yake lehemu, wala kalsiamu, wala rangi ya nyongo. Vilikuwa ni sabuni, iliyotengenezwa tumboni kutokana na yale mafuta. Na wataalamu wale wakachanganya asidi ya oleiki, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya zeituni, na maji ya limau na kemikali kidogo mezani, wakapata vidonge vya namna hiyo. Hiyo ilikuwa nyongo, siyo figo, lakini somo linatuhusu. Kwa jiwe la figo kazi hii ni rahisi zaidi: mgonjwa akojolee kwenye chujio, la chai au kitambaa safi cheupe, kila mara, na atakachokikamata akipeleke maabara kwenye kichupa kikavu.

Nakuja kwenye maji, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu hapa ndipo pana utajiri.

Dawa nyingi za asili za mawe hunywewa kwa wingi. Mgonjwa huambiwa atie konzi kadhaa za magome au mizizi kwenye sufuria, achemshe mpaka maji yawe mekundu kama chai ya rangi, anywe glasi kubwa asubuhi, mchana na jioni, na juu yake aongeze maji, apunguze chumvi, apunguze nyama. Mtu aliyekuwa akinywa vikombe viwili vya maji kwa siku, naye anashinda juani akiendesha bodaboda au kubeba mizigo bandarini, ghafla anakunywa lita tatu. Mkojo wake unakuwa mweupe. Anapata nafuu. Nani amemsaidia, gome au maji?

Maji yamepimwa. Katika mji wa Parma, Italia, Loris Borghi na wenzake waliwachukua watu 199 waliokuwa wamepata jiwe kwa mara ya kwanza, wakawagawa makundi mawili. Kundi moja liliambiwa linywe maji ya kutosha kuufikisha mkojo lita mbili kwa siku, jingine likaachwa liendelee kama kawaida. Waliwafuatilia kwa miaka mitano, na matokeo yakachapishwa mwaka 1996. Kwa wale wasiobadilisha kitu, jiwe lilirudi kwa asilimia 27. Kwa wanywa maji, lilirudi kwa asilimia 12. Maji tu, ndugu zangu, maji ya kawaida, bila gome, bila kidonge.

Borghi huyo huyo mwaka 2002 alichapisha kazi nyingine ambayo ingepaswa kusomwa katika kila kliniki na kila kilinge. Wanaume 120 wenye mawe ya kalsiamu, ambao mkojo wao ulikuwa na kalsiamu nyingi, waligawanywa nusu kwa nusu. Sitini walipunguziwa vyakula vya kalsiamu, kama ambavyo wengi wetu tumekuwa tukiwashauri wagonjwa waache maziwa na dagaa. Sitini wengine waliachiwa kalsiamu ya kawaida, ila wakapunguza chumvi na nyama. Kwa miaka mitano, walionyimwa kalsiamu ndio waliorudiwa na mawe zaidi: 23 kati ya 60, dhidi ya 12 kati ya 60. Sababu yake ni kwamba kalsiamu ya chakula huikamata oksalati ndani ya utumbo, zikatoka pamoja na choo. Ukiiondoa, oksalati huingia kwenye damu na kuishia kwenye figo. Ushauri ulioonekana wa busara, uliotolewa na wataalamu kwa nia njema, ulikuwa unawapeleka watu walikokuwa wanakukimbia. Bila kipimo tungeendelea nao hadi leo.

Kwa hiyo dawa ya mitishamba ya kunywa lazima ilinganishwe na maji mengi kama yale yale, siyo na mtu asiyekunywa kitu. Tukilinganisha na asiyekunywa kitu, tutakuwa tumeyapima maji na kulisifu gome.

Na limau? Limau ni dawa ya asili ya kila jikoni hapa pwani, nalo lina hoja nzuri: lina sitrati nyingi, na sitrati kwenye mkojo huishika kalsiamu isiungane na oksalati. Mwaka 2022 watafiti wa Bergamo, Italia, walichapisha matokeo ya wagonjwa 203 waliogawanywa kwa bahati nasibu. Nusu yao walikunywa mililita 60 za maji ya limau bichi mara mbili kwa siku, pamoja na mlo wa kawaida wa wagonjwa wa mawe. Waliorudiwa na jiwe katika takriban miaka miwili walikuwa 21 kati ya wanywa limau 100, na 32 kati ya 103 ambao hawakunywa. Inaonekana limau limesaidia, lakini tofauti ile haikuwa kubwa kiasi cha kuondoa shaka kwamba ni bahati. Na kuna jambo ambalo kila mganga aliyeko hapa analijua: kadiri muda ulivyokwenda, watu walichoka, wakaacha kunywa, hata mwishoni wale wanaofuata maelekezo hawakufikia nusu. Dawa inayokamuliwa kila siku kwa miaka miwili siyo sawa na kidonge cha kumeza. Utafiti wetu wowote lazima uhesabu uchovu wa mgonjwa, kwa sababu mawe ni ugonjwa wa kurudi. Wengi waliopata moja watapata jingine katika miaka kumi.

Sasa tuseme tumekubaliana kulinganisha. Tunalinganisha mmea gani? Naomba wanafunzi wa famasia mnisikilize kwa makini hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kliniki moja ya kupunguza unene mjini Brussels, Ubelgiji, iliwapa wanawake mchanganyiko uliokuwa na miti shamba ya Kichina. Mmea mmoja uliokusudiwa uliitwa Stephania tetrandra. Kulikuwa na mkanganyiko wa majina, na mahali pake ukatiwa mmea wa jamii ya Aristolochia. Madaktari wa figo waliona wanawake vijana wakiletwa figo zao zikiwa zimekauka. Taarifa ya kwanza ilichapishwa mwaka 1993, na hatimaye waathirika walizidi mia moja. Baadaye wengi wao wakakutwa na saratani ya njia ya mkojo. Watu walikwenda kutafuta afya, wakapoteza figo, kwa sababu ya mzizi mmoja kukaa mahali pa mzizi mwingine.

Hapa kwetu mmea mmoja una jina moja kwa Wabondei, jingine kwa Wasambaa, jingine kwa Wadigo, na sokoni hupewa la nne. Unga wa kahawia kwenye kifuko cha nailoni hauna jina lolote. Ndiyo maana kabla ya jambo lolote mmea lazima uchumwe ukiwa na majani na maua, ukaushwe kati ya karatasi, uandikwe umetoka wapi, nani kauchuma na lini, na upelekwe kwa wataalamu wa mimea wautambue. Na baada ya hapo tupime kile kile anachokunywa mgonjwa. Nasoma tafiti nyingi ambamo gome linalochemshwa kwa maji kijijini linawekwa kwenye methanoli, aina ya spiriti, huko maabara, na kinachotoka kinatangazwa kuwa dawa ya kijiji. Methanoli hutoa vitu ambavyo maji hayatoi. Hiyo ni dawa nyingine.

Vivyo hivyo kwa panya. Karibu kila mmea uliosifiwa kwa mawe umesifiwa kwanza kwa panya, na panya huwekewa mawe kwa kunyweshwa ethilini glaikoli kwenye maji yake kwa takriban wiki nne. Ethilini glaikoli ni ile kemikali ya kutia kwenye rejeta za magari. Ini la panya huigeuza kuwa asidi ya oksali, na figo zake hujaa chembe za kalsiamu oksalati. Ni njia yenye manufaa ya kuanzia. Lakini panya huyo ametiliwa sumu, na mmea unaopunguza makali ya sumu utaonekana umezuia mawe, wakati muuza samaki wetu hajanywa maji ya rejeta; yeye ana joto, chumvi nyingi na maji machache. Tuwashukuru panya, kisha tuendelee hadi kwa binadamu.

Halafu kuna birimbi. Sote tunalijua birimbi, tunalitia achari na pilipili, tunaliweka kwenye mchuzi wa samaki, na mtu haoni tatizo. Katika jimbo la Kerala, India, watu walianza kulikamua na kunywa maji yake mazito kama dawa ya kupunguza lehemu. Mwaka 2013 madaktari wa huko waliripoti wagonjwa kumi ambao figo zao zilisimama ghafla baada ya kunywa, saba kati yao wakahitaji kusafishwa damu kwa mashine, kwa sababu birimbi lina oksalati nyingi, na kwa kiasi kile oksalati ilijikusanya kwenye figo. Tunda ni lile lile. Kilichobadilika ni kiasi na namna ya kulitumia. Mtu akiniambia dawa yake haina madhara kwa kuwa wazee walikula mmea huo, humuuliza: waliula kiasi gani, na uliandaliwaje?

Nisiwaache mkidhani kwamba kila kilichopimwa kimeanguka. Mfano ninaoupenda ni wa mmea mdogo uitwao Phyllanthus niruri, ambao Wabrazili huuita quebra-pedra, nao huota kama magugu. Wabrazili hawakubishana kuhusu mmea wao, waliupima. Watafiti wa São Paulo walianza na chembe kwenye maabara, wakaenda kwa panya, kisha kwa watu. Mwaka 2004 walichapisha matokeo ya wagonjwa 69, baadhi wakipewa vidonge vya mmea huo na wengine vidonge vitupu kwa miezi mitatu. Kwa wagonjwa wote kwa jumla, mkojo haukubadilika. Kwa wale tu ambao walikuwa na kalsiamu nyingi kwenye mkojo, kalsiamu ilipungua. Miaka miwili baadaye, huko Italia, wagonjwa 150 ambao mawe yao yalikuwa yamevunjwa kwa mawimbi ya mshtuko walifuatiliwa, baadhi wakinywa mmea huo. Kwa jumla tofauti haikutosha kutangazwa. Lakini kwa mawe yaliyokuwa kwenye vyumba vya chini vya figo, ambako vipande hukwama, asilimia 93.7 ya waliokunywa walisafika, dhidi ya asilimia 70.8 ya wasiokunywa.

Mnaona uzuri wake? Haijasemwa kwamba mmea unatibu mawe, wala haijasemwa kwamba ni upuuzi. Imesemwa kwamba huenda unamsaidia mtu wa namna hii, kwa jambo hili, na pale hauonekani kusaidia. Hayo ndiyo maarifa ambayo mganga anaweza kuyatumia kesho asubuhi. Na Misri wana mmea uitwao khela, ambao kwa karne nyingi umetumika kwa maumivu ya njia ya mkojo. Kutokana na kemikali yake, kheleni, wanasayansi walitengeneza kromoglikati, dawa ya pumu. Mmea wa mawe ukazaa dawa ya kifua.

Najua kinachowakera wazee waliokaa mbele. Mnasema, tukiwaonyesha mmea, mtauchukua. Hofu hiyo ina msingi. Watu wa jamii ya Wasan, kusini mwa Afrika, walikuwa wakitafuna mmea uitwao hudia kuzuia njaa. Taasisi ya utafiti ya Afrika Kusini ikaandikisha hatimiliki bila wao, na ni mwaka 2003 tu ndipo walipopata mkataba wa kugawana faida. Kwa hiyo nasema wazi: mtafiti yeyote atakayekuja bila mkataba wa maandishi, unaomtaja mganga na jamii yake na kueleza watapata nini, msimwonyeshe hata jani. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu mwaka 2002, Baraza lake lipo, na Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili ina mizizi tangu mwaka 1974. Tuna pa kuanzia na pa kushitaki.

Ninachowaomba ni hiki. Tuchague dawa moja, siyo ishirini. Ile ambayo waganga wengi wa mkoa huu, bila kuulizana, wanaitaja kwa mawe. Itambuliwe na wataalamu wa mimea. Ipimwe kwanza usalama wake kwenye ini na figo. Kisha, kwa kibali cha kamati ya maadili na kwa ridhaa ya maandishi ya kila mgonjwa, tuwachukue wenye mawe madogo ambayo daktari ameyaona kwenye picha na kukubali kwamba yanaweza kusubiriwa. Nusu wapewe dawa. Nusu wapewe kinywaji chenye rangi na uchungu wa kufanana nayo, kwa ujazo ule ule. Asijue mgonjwa, asijue anayesoma picha. Kila mmoja akusanye mkojo wa saa 24 kwenye galoni, kwa kuwa hapo ndipo tutakapoiona kalsiamu, oksalati na sitrati. Kila mmoja achuje mkojo wake. Na wote wapigwe picha mwishoni, wenye maumivu na wasio nayo. Matokeo yatangazwe hapa hapa Tanga, yakiwa mazuri au mabaya, na mganga mwenye dawa awe wa kwanza kuyasikia.

Wakati hayo yakisubiriwa, mgonjwa mwenye maumivu ya ubavu pamoja na homa au baridi ya kutetemeka, aliyeacha kukojoa, mwenye figo moja tu, au mjamzito, asisubiri dawa ya mtu yeyote. Apelekwe hospitali usiku ule ule, kwa sababu figo iliyoziba na yenye usaha huua kwa muda mfupi. Na ninyi mnaotumia mitishamba sasa hivi, mwambieni daktari. Wauguzi, mkiambiwa, msigombe. Andikeni kwenye faili jina la mmea, umechemshwaje na umenywewa siku ngapi.

Wanafunzi wangu wamekaa mlangoni na madaftari. Mganga aliye tayari kuorodhesha dawa anayoitumia kwa mawe, bila kutaja mmea wenyewe mpaka mkataba uandikwe, aandikishe jina lake na kata yake kabla ya kuondoka. Sasa nayapokea maswali.